Kisima Alichokikimbia Mwalimu Elieza

Elieza Mazengo alijaliwa kusema. Hata wasiokanyaga kanisani walikiri hilo. Akisimama kuomba msibani, vilio vilishuka vyenyewe. Akiitwa kusuluhisha mume na mke, mume alirudi nyumbani amesahau kilichomkasirisha. Alizaliwa katika ukoo wa wafugaji, akasoma hadi darasa la nne kwenye shule ya misheni, akafanya vibarua vya barabara ujanani, kisha akarudi Chilewa, kijiji kilichoko mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Chamwino. Hapo alimwoa Anna, wakazaa watoto wanne, mkubwa wao Silvano. Alilima uwele na karanga, alikuwa na mbuzi wachache, na kwa miaka kumi na minne alikuwa mwinjilisti wa kanisa la kijiji. Mchungaji aliishi Chamwino, akifika mara moja kwa mwezi na baiskeli yake. Jumapili zilizobaki zilikuwa za Elieza, na watu walimwita Mwalimu.

Shida ya Chilewa ilikuwa maji. Watu walipohamishiwa pale juu kwenye mwinuko, wakati wa kuanzisha vijiji, waliahidiwa bomba, na kweli bomba lilikuja. Mashine ya dizeli ilisukuma maji kutoka mbali kwa miaka kadhaa, mpaka siku moja ikakohoa na kunyamaza. Kipuri kiliagizwa, hakikufika. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachwa huria. Maduka ya Dodoma mjini yakajaa sabuni, sukari na nguo za mitumba, na maofisa waliopita kijijini wakasema kwamba enzi za kugawiwa dizeli zimekwisha, sasa kila kijiji kichangie chenyewe. Kijiji chenyewe kilikuwa kinakula mlo mmoja. Basi mashine ikaota kutu, kuku wakataga ndani yake, na wanawake wakarudia njia ya zamani ya korongoni. Ilikuwa saa mbili kwenda. Walichimba mchanga kwa mikono, wakangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, wakayachota kwa kata hadi ndoo ijae. Kurudi kulikuwa saa tatu, kwa sababu ya mzigo na mwinuko.

Kwamba pale kijijini hapana maji chini ya ardhi, hilo halikuwa na ubishi. Mzee Fabian, aliyewahi kuwabebea vifaa wapimaji wa maji, aliwaambia watu mara nyingi, "Huu mwinuko wote ni jiwe. Wapimaji wenyewe walikunja vyombo vyao wakaondoka."

Mwaka 1994 mvua zilikatika mapema. Mwezi wa sita korongo lilikuwa limeanza kukauka, na wanawake walikuwa wakigombea mashimo. Jumapili moja Elieza alisimama kuhubiri juu ya ahadi za Mungu. Alikuwa ameandaa maneno ya kawaida, lakini mbele yake, kwenye mkeka, alikaa mwanamke aliyekuwa na mtoto mwenye midomo iliyopasuka kwa kiu, na kila Elieza alipomtazama maneno yalizidi kumpanda. Akasema Mungu aliahidi kuwafungulia chemchemi wenye kiu, hata nchi kavu ataigeuza kuwa visima. Akasema Mungu si mtu hata aseme uongo. Watu wakaitikia amina, na kila amina ikampandisha ngazi nyingine.

"Tunasubiri nini?" akauliza, jasho likimtoka. "Kama tunaamini, tuchimbe. Tuchimbe hapa hapa, nyuma ya kanisa. Tuanze kesho."

Amina iliyofuata ilitikisa bati. Elieza alirudi nyumbani akiwa amefurahi, kama kila alipohubiri vizuri. Alikula mlenda na ugali, akalala. Kuchimba hakukumjia tena akilini.

Asubuhi, jua likiwa linachomoza, mtu alibisha hodi. Alikuwa Zipora, mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Begani alikuwa na jembe.

"Shikamoo, mama," Elieza alisema.

"Marahaba, Mwalimu. Nimefika kanisani sikukuona, nikasema labda umechelewa kuamka."

"Kuna nini kanisani?"

Zipora alimtazama kama mtu asiyeelewa anaulizwa nini. "Si ulisema tunaanza leo?"

Mdomo huponza kichwa. Elieza alisimama mlangoni akitafuta namna ya kumweleza mama yule kwamba mahubiri ni mahubiri, na kwamba mtu akihubiri hupanda juu kidogo kuliko anakoishi. Hakupata namna. Anna alikuwa nyuma yake anakoka moto, na aliacha kupuliza, kama anayesikiliza. Elieza akachukua sururu, akamfuata Zipora.

Waliweka alama ya duara nyuma ya kanisa, wakaanza. Mchana walikuja wanawake wengine watatu, kesho yake sita. Ilipofika wiki ya pili walikuwa kumi na mmoja, wanaochimba na wanaovuta udongo kwa ndoo na kamba ya mkonge. Mwanaume alikuwa Elieza peke yake. Wengine walikaa kwenye kivuli cha ghala wakatazama. Aliyesema sana alikuwa Petro, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa minadani, mwenye mdomo mwepesi.

"Mwalimu," aliita siku moja, "ukifika upande wa pili wa dunia utusalimie wenyeji."

Watu walicheka. Elieza naye alicheka, kwa sababu siku zile za mwanzo kazi ilikuwa nzuri. Udongo mwekundu ulikuwa laini, shimo lilishuka futi mbili kwa siku, na kila jioni alipopanda juu alijiona mtu wa imani. Alianza kulisimulia lile jambo kama kwamba alilipanga tangu mwanzo.

Kwenye futi kumi na nane sururu iligonga jiwe.

Halikuwa jiwe la kung'oa. Walisafisha udongo, wakaona mwamba wa kijivu umetanda kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee Fabian aliletwa, akachungulia, akatikisa kichwa. "Niliwaambia," akasema, bila kejeli, akaondoka zake taratibu.

Walijaribu tindo na nyundo, tindo zikapinda. Ndipo Zipora alipokumbuka jinsi wazee walivyopasua miamba: unawasha moto mkali juu ya jiwe tangu alfajiri, unaliacha lipate moto hasa, halafu unalimwagia maji ya baridi lipasuke. Wakateremsha kuni, wakawasha. Mchana, moshi ulipopungua, ikabaki kumwaga maji.

Maji yale yalikuwa yametoka korongoni. Wanawake walikuwa wameamka kabla ya kupambazuka kuyafuata, na sasa walisimama kwenye ukingo wa shimo, kila mmoja na ndoo yake. Zipora alikuwa wa kwanza. Aliinamisha ndoo polepole, maji yakaporomoka, jiwe likalia na mvuke ukapanda ukawafunika nyuso. Wa pili akamwaga. Wa tatu, yule mwenye mtoto, alisita, akachota kata moja akamnywesha mtoto, kisha akamwaga yaliyobaki.

Elieza alishuka chini kwa kamba na nyundo. Mwamba ulikuwa umebanduka gamba moja jembamba kama ganda la yai. Chini yake ulikuwa mwamba uleule.

Walirudia kwa siku tisa. Kila siku ndoo nne, wakati mwingine tano. Kila siku gamba moja. Na kila siku kabla ya kumwaga walimtazama Elieza aombe, naye aliomba kwa sauti ile nzuri, na maneno yalitoka yamepangika, na ndani yake hapakuwa na kitu. Siku ya tisa, akiwa chini shimoni, alisikia juu mtoto akilia kiu na mama yake akimbembeleza, "Nyamaza, baba, Mwalimu anatuletea maji." Elieza aliegemea udongo akafumba macho. Alijiona kama mtu aliyekopa kwa jina la mwingine, bila kumuuliza.

Kesho yake asubuhi alivaa koti lake la Jumapili. Alimwambia Anna, "Nakwenda Chamwino kumwomba mchungaji ushauri."

Anna alilitazama koti, akamtazama na yeye. "Nenda salama, Baba Silvano," akasema.

Lori la mkaa lilimpakia barabarani. Elieza anasema, na amelisema mara nyingi, kwamba alipopanda lori lile alikuwa kweli anakwenda kwa mchungaji. Lilipofika Chamwino dereva alisimama, utingo akagonga ubavu wa lori na kuita, "Wa Chamwino washuke." Elieza aliiona njia ya kwenda kwa mchungaji. Aliuona hata mti uliokuwa mbele ya nyumba yake. Alifikiri atakayoulizwa: nani alikutuma kuchimba? Nani alikwambia Mungu kasema mahali hapo? Utingo akaita mara ya pili. Elieza akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, na lori likaondoka naye.

Huko Kizota, pembeni mwa mji wa Dodoma, alikuwepo Seleman, waliyefanya naye kazi ya barabara ujanani. Seleman alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani na sasa alikuwa na karakana yake ya bati na chuma, akitengeneza majiko ya mkaa, karai na ndoo kutokana na mapipa mabovu. Alimpokea Elieza bila maswali mengi, akampa nyundo na mahali pa kulala nyuma ya karakana.

"Unakaa siku ngapi?" aliuliza.

"Chache," Elieza alijibu.

Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Elieza aligonga bati kuanzia asubuhi hadi jioni, na kelele zilimsaidia asifikiri. Alimtumia Anna sukari na sabuni kwa mkono wa dereva, na ujumbe kwamba amepata kibarua. Jibu halikuja. Jumapili alikwenda kanisa la mjini ambako hakuna aliyemfahamu, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka.

Mwezi wa tisa jirani wa karakana alifariki, fundi wa baiskeli, Mkristo. Watu wa mtaa walikusanyika, wakangoja mchungaji ambaye gari lake liliharibika njiani. Jua lilikuwa kali na jeneza lilikuwa tayari. Mwenye msiba akatoka nje akauliza, "Hakuna hata mmoja kati yenu anayeweza kumwombea mtu huyu tukazike?" Watu wakatazamana. Elieza aliangalia vidole vyake vyenye masizi. Koo lake lilijua kazi ile kuliko kazi nyingine yoyote duniani. Alikaa kimya mpaka kijana mmoja wa kwaya akasimama, akaomba kwa kigugumizi, akasahau jina la marehemu, akakumbushwa.

Seleman alikuwepo pale msibani. Waliporudi karakana alisema, "Wewe zamani, tukiwa barabarani, mtu akiumwa ulikuwa unamwombea hata kama hajataka."

"Zamani," Elieza alisema.

"Sikuulizi umefanya nini. Mimi si wa dini yako. Lakini mtu aliyetoroka namjua, maana hata mlango ukigongwa anaruka."

Elieza aligeukia kazi. Alichukua nyundo akaendelea na jiko lililokuwa limebaki, lakini alipiga vibaya, bati likachanika, ikabidi alitupe.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi, asubuhi, Petro alipoingia karakana. Elieza alimwona kwanza, na kama pangekuwa na mlango wa nyuma angepita. Petro alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa na sugu na vidonda vilivyoanza kukauka, si viganja vya mtu wa minadani.

"Mwalimu," Petro alisema, akatabasamu uso mzima. "Nimezunguka Kizota nzima nakutafuta. Mama Silvano alisema utakuwa kwa mafundi. Roda imekuwa tayari?"

"Roda gani?"

"Roda ya kisima. Si ndiyo uliyoifuata? Mama Silvano alituambia tangu siku ile uliyoondoka. Alisema Mwalimu amekwenda mjini kutengeneza roda ya kupitishia kamba, maana maji yakitoka tutayavutaje." Petro alikaa juu ya pipa. "Nami nilicheka siku ile. Nilisema huyu anatafuta kitanda na mke hajapata."

Elieza aliweka nyundo chini. "Petro. Maji yametoka?"

"Hawajakutumia habari? Yametoka wiki mbili sasa." Petro akasimulia. Wanawake waliendelea na moto na maji, moto na maji, bila mwanaume hata mmoja. Siku moja yeye Petro alipita akamwona Zipora, mama wa umri ule, ananing'inia kwenye kamba akishuka na nyundo, na aibu ikamshika. Akavua shati akashuka yeye. Alidhani atafanya siku moja. Alifanya miezi miwili. Wanaume wengine walikuja baadaye, mmoja mmoja, hata Mzee Fabian akawa anakuja kunoa tindo. Kwenye futi ishirini na sita, mwamba ulipasuka ufa, na Petro alipochomeka mtaimbo kwenye ufa ukatoka na tope. "Nilidhani ni jasho langu," alisema. "Nikaonja. Yalikuwa ya baridi. Nililia kule chini peke yangu, Mwalimu, kabla sijawaita."

Elieza alisikiliza. Kila neno lilimwingia kama msumari, na zaidi ya yote lile neno Mwalimu.

"Tumekiita Kisima cha Mwalimu," Petro alimalizia. "Basi, roda?"

Elieza alimtazama Seleman. Seleman, aliyekuwa ameelewa yote, alisema kwa utulivu, "Roda bado. Ilikuwa inangoja vipimo. Kisima chenu kina upana gani?"

Petro akaonyesha kwa hatua. Wakatengeneza siku nzima. Seleman alikata gurudumu kutoka kipande kinene cha chuma, Elieza akalichonga mfereji wa kamba kwa tupa mpaka vidole vikatoka damu. Alijua kwamba anatengeneza uongo wa mke wake ili uwe kweli, na alijua pia kwamba hautakuwa kweli hata auchonge vipi.

Walipofika Chilewa kesho yake mchana, vigelegele viliwapokea tangu kwenye mashine mbovu. Wanawake walimbeba Elieza juujuu pamoja na roda yake. Walimfikisha nyuma ya kanisa, ambako palikuwa na ukingo wa mawe na tope la kweli, tope la maji yaliyomwagika ovyo kama kwamba ni mengi. Mtu akachota, akamkabidhi kata. Yule mtoto wa midomo iliyopasuka alikuwa anacheza kwenye tope. Elieza alikunywa huku watu wote wanamtazama. Anasema hajawahi kunywa kitu kigumu kama maji yale.

Nyumbani, walipobaki wawili, hakuweza kukaa.

"Mama Silvano, kwa nini uliwadanganya?"

Anna alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua macho. "Ulitaka niwaambie nini? Kwamba aliyewaambia waamini amekimbia? Wangeacha kuchimba."

"Na kama nisingerudi?"

"Nilimwomba Mungu urudi. Kila siku niliomba hivyo." Akaendelea kupepeta, makapi yakiruka upande wa mlango. "Nikasema, huyo mwanaume siku akirudi atakuwa na aibu, hataweza kuingia kijijini mikono mitupu. Ndiyo maana nikasema roda. Nilijua ukisikia utakuja nayo." Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini usidhani haikuniuma. Watu walikuwa wananiuliza kila siku, Mwalimu anarudi lini. Mimi nikawa najibu huku natabasamu. Miezi mitatu, Baba Silvano. Nawe ukanitumia sukari."

Elieza alikaa chini kwenye udongo. Hakukuwa na la kusema, na kwa mara ya kwanza maishani hakulitafuta.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Hata wasio wa kanisa walikuja kumsikia mwenye kisima. Walimwachia nafasi ya mbele. Elieza alisimama, akashika meza kwa mikono miwili.

"Sikwenda kutafuta roda," alisema. "Nilikimbia."

Aliwaeleza lori, utingo, na jinsi alivyoinama akajifanya anafunga kiatu. Aliwaeleza ile Jumapili ya kwanza kwamba hakukusudia kuchimba, kwamba Zipora ndiye aliyemtoa kitandani. Aliwaeleza kuhusu maziko ya fundi wa baiskeli. "Niliwaambia muamini, mkaamini. Mimi sikuamini. Mlikuwa mnamwaga maji ya watoto wenu juu ya jiwe kwa neno langu, na mimi nikawa sioni kitu isipokuwa jiwe. Mke wangu msimlaumu. Kisima hiki si changu na jina langu liondoeni."

Akakaa, si kwenye kiti cha mbele, bali chini kwenye mkeka. Wengine walianza kunong'ona. Petro alikuwa ameinamisha kichwa, uso umemwiva kama aliyefanya kosa yeye. Ndipo Zipora akasimama, na kwa kuwa sauti yake ni ndogo ikabidi watu wanyamaze.

"Mwalimu, mimi nilijua," alisema.

Elieza aliinua uso.

"Nilijua siku ile ile. Mama Silvano aliposema umefuata roda, nikajiuliza, mbona hakupima mdomo wa kisima? Mtu anayekwenda kuagiza roda anapima kwanza. Nikanyamaza. Wengine humu nao walijua." Wanawake wawili watatu wakaguna kukubali. "Kuna siku nilikukasirikia sana. Kuna siku nilitaka nami niache, kwa sababu yako. Halafu nikasema, lakini ahadi ile kwani ilikuwa ya Elieza? Elieza aliisoma tu. Aliyeiweka hajaenda Kizota."

Mtu alicheka, kisha wengine, kicheko kidogo cha watu waliochoka. Elieza hakucheka. Aliweka paji la uso kwenye magoti.

Msamaha ulikuja, lakini haukuja kwa mkupuo kama mahubiri. Wapo walioacha kumsalimia kwa mwezi mzima. Yule mama mwenye mtoto alimwambia usoni, "Mimi niliposita na ile ndoo, ni wewe niliyekutazama nikamwaga," na Elieza akamwitikia, "Najua, mama." Mchungaji alifika na baiskeli, akasikiliza, akamsimamisha huduma kwa miezi sita. Miezi hiyo Elieza alikaa mkekani akiongozwa na kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amemfundisha kusoma. Asubuhi alikwenda kisimani kuvuta maji kwa ajili ya wazee, kamba ikipita kwenye roda, na alivuta mpaka foleni iishe.

Kuhusu jina alishindwa. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba kiitwe Kisima cha Zipora. Watu walimkubalia, na kesho yake walisema tena Kisima cha Mwalimu, maana ulimi ulishazoea. Watoto waliozaliwa baadaye hawakujua hata kwamba kulikuwa na kisa. Kila alipolisikia jina lile, Elieza alijisikia kama amevalishwa nguo ya mtu mwingine mbele ya mwenyewe.

Aliporudishiwa huduma, watu waligundua kwamba mahubiri yake yamekuwa mafupi. Alisema jambo, akanyamaza, akatazama watu, kama anayejiuliza nani kati yao atakuja kesho na jembe. Na kama alikuwa hayuko tayari kwenda naye, neno hilo hakulisema.

Miaka miwili baadaye kijiji cha jirani, nacho kikavu, kilituma watu kumwalika aje awaeleze habari za imani. Alikubali kwa sharti kwamba Zipora na Petro waende pamoja naye. Walikaribishwa vizuri, wakaketishwa mbele, na mwenyeji akamtambulisha Elieza kuwa mtu aliyetoa maji kwenye jiwe. Elieza akasimama. Alisimulia Jumapili ya kwanza, alisimulia mwamba na moto na ndoo. Alipofika kwenye lori, mahali liliposimama Chamwino na utingo akaita mara ya pili, sauti ilimkauka, akashindwa kuendelea. Alibaki amesimama hivyo, kofia mkononi, mbele ya watu asiowajua. Zipora alimvuta koti akamketisha, akasimama yeye, akawaeleza yaliyobaki.